Namna ya Kuingia Shahada ya Ustawi wa Jamii Ukiwa Mtu Mzima Jijini Nairobi

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yanapotangazwa na vyuo vikuu vikaanza kutafuta wanafunzi, maswali yale yale hurudi. Nilipata C miaka ya tisini, je, nitakubaliwa? Cheti changu kiliteketea nyumba zilipoungua Mukuru, nifanyeje? Nina watoto watatu na kibanda cha mboga Gikomba, nitasoma saa ngapi? Wanaouliza si wageni katika kazi hii. Wengi wao ni wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaojitolea kulinda watoto kupitia ofisi za machifu, walezi katika makao ya watoto na wahudumu wa makanisa na misikiti, yaani watu ambao wamefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka mingi bila karatasi ya kuithibitisha.

Kuna jambo moja ambalo wengi huambiwa wakiwa wamekwisha kuchelewa, nami naliweka mwanzoni. Gredi ya zamani ina njia za kuizunguka, na karo hulipwa kidogo kidogo. Mafunzo ya nyanjani, yaani majuma kadhaa ya kufanya kazi mchana, siku za kazi, bila malipo na chini ya msimamizi, hayana njia ya mkato, na ndiyo huwakwamisha watu waliokwisha kulipa karo ya miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo usomapo hatua zifuatazo, kila uamuzi upime kwa swali hili: nitafanyaje wakati wa kwenda nyanjani utakapofika?

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kusanya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE, PIN ya KRA na akaunti ya eCitizen. Kama ulifanya mitihani kabla ya KCSE kuanza mwaka 1989, utahitaji cheti cha KCE, mtihani wa zamani wa kidato cha nne, na cha KACE kama ulifika kidato cha sita. Weka pamoja vyeti vya kozi fupi ulizohudhuria na barua kutoka mashirika au ofisi ulizozitumikia, zenye tarehe, majukumu yako na mhuri. Mtu mwenye ulemavu awe na usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD). Mkimbizi awe na stakabadhi zake za ukimbizi ambazo muda wake haujaisha.

Ongeza kitu kingine ambacho hudharauliwa: barua pepe na nambari ya simu ambazo ni zako mwenyewe. Wengi hufunguliwa akaunti na kijana wa saiba, yaani duka la intaneti, naye huandika nambari yake na nywila anayoijua yeye peke yake. Barua ya kukubaliwa inapotumwa miezi miwili baadaye, saiba imehama na kijana hapatikani. Keti karibu naye kama huwezi kufanya peke yako, lakini nywila iandike wewe, kwenye daftari lako.

Hatua kwa hatua

1. Linganisha majina katika stakabadhi zote.

Tandaza vyeti vyako mezani na usome majina herufi kwa herufi. Tatizo hili huwapata zaidi wanawake: cheti cha KCSE kina jina la baba, kitambulisho kina jina la mume, na cheti cha kozi fupi kina jina la ubatizo peke yake. Ikiwa tofauti imetokana na ndoa, cheti cha ndoa pamoja na hati ya kiapo iliyoandikwa kwa wakili, ikieleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, mara nyingi hutosha. Ukiwa umebadilisha jina kabisa, itabidi uwe na hati rasmi ya kubadilisha jina iliyosajiliwa. Lifanye jambo hili sasa, kwa sababu chuo kikuu kitakusajili kwa jina fulani, na jina hilo ndilo litakaloandikwa kwenye shahada.

2. Kitafute cheti kilichopotea au kilichozuiliwa.

Kilichopotea au kuungua hushughulikiwa na KNEC, yaani Baraza la Mitihani la Kenya, kupitia mfumo wake wa mtandaoni uitwao QMIS. Piga ripoti kituo cha polisi kwanza upewe abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha ripoti yako, kisha uombe kwenye mfumo huo na kulipa ada inayoonyeshwa. Unaweza pia kuomba KNEC ithibitishe matokeo yako moja kwa moja kwa chuo.

Kilichozuiliwa na shule kwa sababu ya deni la karo ni suala jingine. Sheria ya KNEC hairuhusu shule kuzuilia cheti cha mtahiniwa. Nenda shuleni na ombi la maandishi, baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, na ukikataliwa ipeleke nakala hiyo katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Maneno matupu mlangoni kwa mwalimu mkuu hayaachi ushahidi.

3. Ijue ngazi uliyopo, bila kujidanganya na bila kujidharau.

Gredi ya C+ katika KCSE hukupa nafasi ya kuomba shahada moja kwa moja. Kwa waliosoma mfumo wa zamani, kipimo cha kawaida ni alama kuu mbili (principal pass) katika KACE. Mwenye C- au C ya kawaida huanza na diploma, na diploma inayotambuliwa katika fani hii au inayokaribiana nayo humfungulia mlango wa shahada. Mwenye D au D+ huanza na cheti, kulingana na masharti ya chuo, kisha diploma, kisha shahada. Katika Mfumo wa Kitaifa wa Kufuzu, diploma iko ngazi ya 6 na shahada ya kwanza ngazi ya 7, kwa hiyo anayemaliza diploma amebakiza ngazi moja tu.

Je, urudie KCSE kama mtahiniwa wa binafsi? Aliyekosa gredi moja na ana mwaka wa kusoma hisabati na Kiingereza kwa utulivu anaweza kujaribu. Mwenye familia ya kulisha namshauri apande kwa diploma, hata kama njia hiyo inaonekana ndefu, kwa sababu diploma yenyewe inaweza kumpatia kazi katika shirika au makao ya watoto kabla hajafika chuo kikuu, ilhali KCSE iliyorudiwa haimpi chochote mpaka shahada iishe. Zaidi ya hayo, masomo ya diploma yanaweza kuhesabiwa, na chuo kikapunguza yale utakayosoma, mradi yaliyohamishwa yasizidi asilimia 49.

Uzoefu wako wa kazi nao una njia yake. Mamlaka ya Kitaifa ya Kufuzu (KNQA) inasimamia utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo mtu hupimwa na wakaguzi na kupewa cheti cha ngazi inayolingana na ujuzi wake. Usitarajie kwamba cheti hicho kitakuingiza chuo kikuu siku inayofuata. Faida yake ni kwamba kinaweza kukuokoa usianze chini kabisa.

4. Kihakiki chuo, kisha uihakiki kozi yenyewe.

Haya ni mambo mawili, na watu huyachanganya. Chuo kikuu kinaweza kuwa halali huku shahada fulani inayotangazwa ikiwa haijaidhinishwa. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), yenye ofisi Gigiri, huchapisha kwenye tovuti yake orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na ya programu zilizoidhinishwa katika kila chuo. Itafute shahada kwa jina lake kamili. Kwa vyuo vya diploma na cheti, leseni hutolewa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, na ni lazima uulize pia mtihani wa mwisho unatungwa na nani. Chuo kikijibu kwamba kinatunga mtihani wake chenyewe na kutoa diploma yake chenyewe, omba kuonyeshwa idhini kwa maandishi. Hapa katikati ya jiji kuna ghorofa zenye vyuo vinne au vitano kwa pamoja, na bango lenye rangi nzuri si leseni.

Kwa shahada, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kilichoko Lang'ata ni miongoni mwa vyuo vinavyofahamika jijini kwa kufundisha fani hii. Vipo vingine vyenye madarasa ya jioni, ya wikendi au ya mtandaoni. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2023, hufundisha kupitia mtandao. Iangalie orodha yake ya kozi kabla ya kukiweka kwenye mipango yako. Jihadhari na kozi zenye majina yanayofanana: ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii, sosholojia na ushauri nasaha si kitu kimoja, na ushauri nasaha una sheria yake ya usajili ya mwaka 2014.

5. Iandikie ofisi ya usajili kabla ya kulipa ada ya maombi.

Andika barua pepe fupi yenye maswali yanayojibika. Mfano:

"Nina KCSE ya mwaka 1998 yenye gredi ya C, na diploma ya KNEC ya ustawi na maendeleo ya jamii. Ninafanya kazi mchana. Naomba kujulishwa: je, ninastahili kujiunga na shahada; ni masomo mangapi ya diploma yatakayohesabiwa; mafunzo ya nyanjani huchukua majuma mangapi, katika mwaka upi, na je, yanaweza kugawanywa au kufanywa kwa siku chache kila juma; na gharama yote hadi kuhitimu ni kiasi gani, ikiwemo ada ya mitihani, bima, usimamizi wa nyanjani na mahafali?"

Majibu ya maandishi ni mali. Mwaka wa tatu msajili anaweza kuwa mwingine, nawe utahitaji kuonyesha ulichoahidiwa. Chuo kinachokwepa swali la mafunzo ya nyanjani na kusisitiza tu kwamba "nafasi zinaisha Ijumaa" kimekwisha kujieleza.

6. Panga mafunzo ya nyanjani ukiwa bado nje ya chuo.

Hapa tutakaa kidogo. Chukua mfano wa mama anayeuza mboga Gikomba na kuishi Kayole. Saa kumi alfajiri yuko sokoni akinunua kwa jumla, na saa tisa alasiri anafunga. Darasa la jioni mjini, la saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili na nusu usiku, analimudu kwa shida, akisomea ndani ya matatu. Mafunzo ya nyanjani yanapofika, anatakiwa ofisini saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Akiwa hakujipanga, analazimika kuchagua kati ya kibanda na shahada, na watoto wakishinda njaa hakuna asiyejua atakachochagua.

Akijipanga mapema, anazo njia. Anaweza kuendelea kununua alfajiri na kumwachia ndugu au mwenzake wa chama cha akiba kuuza mchana kwa mgao waliokubaliana. Anaweza kutafuta kituo kilicho karibu: Hospitali ya Mama Lucy Kibaki kwa anayeishi Kayole au Umoja, Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa aliye karibu na Gikomba na Majengo, Mbagathi kwa aliyeko Kibra. Hospitali kubwa za umma zina ofisi za ustawi wa jamii, lakini hupokea maombi mengi, kwa hiyo barua ipelekwe miezi kadhaa kabla. Ofisi za watoto za kaunti ndogo na ofisi za uangalizi wa wahalifu katika mahakama za Milimani, Makadara na Kibera nazo hustahili kuulizwa.

Kama tayari unafanya kazi katika shirika la jamii, uliza iwapo chuo kinakubali ufanyie mafunzo hapo hapo. Vinavyokubali kwa kawaida hutaka majukumu yawe tofauti na ya kila siku, na msimamizi awe mwingine mwenye sifa za fani hii. Bosi wako aandike barua ya kukubali sasa, usingoje mwaka wa tatu.

Onyo kuhusu makao ya watoto. Wengi hukimbilia huko kwa kuwa nafasi hupatikana kwa urahisi. Fahamu kwamba Kenya ina mkakati wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032, unaolenga kuwaondoa watoto katika makao na kuwarudisha kwenye familia. Ukipata nafasi katika shirika linalowaunganisha watoto na jamaa zao, utajifunza kazi itakayokuwepo utakapohitimu. Popote penye watoto utaombwa cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi, kinachoombwa kupitia eCitizen. Kama uliwahi kuhukumiwa, mweleze mratibu wa mafunzo mapema ili akutafutie kituo kinachofaa. Kugunduliwa ukiwa katikati ya kipindi ni kubaya zaidi.

7. Hesabu pesa kwa miaka yote.

Usiulize karo ya muhula mmoja peke yake. Jumlisha nauli, vifurushi vya intaneti, chapa ya kazi za darasani, na kipato utakachopoteza ukiwa nyanjani, ambacho hakuna chuo kinachokitaja kwenye karatasi ya karo. Kisha tazama vyanzo:

HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu yenye ofisi Anniversary Towers, hutoa mikopo ya shahada ya kwanza kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na ina mkopo tofauti wa kuendeleza elimu kwa walioajiriwa. Kama uliwahi kukopa ukaacha chuo miaka iliyopita, deni hilo bado lipo na adhabu yake ni Sh5,000 kwa mwezi. Nenda mkakubaliane namna ya kulilipa kabla ya kuomba jipya. Ufadhili wa serikali kwa vyuo vikuu vya umma huwafuata waliopangiwa nafasi na KUCCPS, shirika la serikali la kuwapangia wanafunzi vyuo, si wanaojiunga kwa kujilipia, na hapo ndipo wengi hukosea wakidhani kila mwanafunzi anaupata. Kwa ngazi ya cheti na diploma, hata hivyo, KUCCPS imekuwa ikipokea maombi ya watu waliofanya KCSE miaka mingi nyuma, na chuo cha umma cha kiufundi ni nafuu kuliko cha kibinafsi.

Basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, huombwa katika ofisi ya eneo bunge lako. NCPWD husaidia karo ya wanafunzi wenye ulemavu waliosajiliwa. Sacco au chama chako kinaweza kukupa mkopo wa karo ambao masharti yake unayafahamu.

8. Tuma maombi, ukikubaliwa sajiliwa kwa wakati.

Lipa kwa nambari ya malipo ya chuo pekee, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi anayejiita wakala. Omba utaratibu wa awamu kwa maandishi siku ya usajili, maana mwenye deni huweza kunyimwa kadi ya mtihani hata kama alihudhuria kila kipindi. Wakati huo huo peleka maombi ya kuhesabiwa masomo ya diploma, kwani vyuo vingi havipokei maombi hayo ukishaanza mwaka wa pili.

9. Uanze muhula wa kwanza kwa mzigo mdogo.

Chuo kikikuruhusu kuchukua masomo machache, yachukue machache. Utakayeshindana naye darasani ana miaka 19 na hana familia ya kupikia. Kama nyumbani hapasomeki, maktaba za Makadara na Kaloleni na ile ya KNLS Buruburu zina meza na utulivu. Kuandika insha za kitaaluma kwa Kiingereza kutakusumbua mwanzoni kuliko nadharia zenyewe, kwa hiyo omba kuonyeshwa insha iliyopata alama nzuri mwaka uliopita.

Ukikwama

Umekataliwa bila kuelezwa sababu. Ibara ya 47 ya Katiba inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi unapokudhuru, na Ibara ya 27 inakataza ubaguzi kwa msingi wa umri, ulemavu, ujauzito na hali ya ndoa. Iandikie ofisi ya usajili uombe sababu hizo kwa adabu. Chuo cha umma kisipojibu, malalamiko hupelekwa bila malipo kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Cheti chako ni cha Uganda, Tanzania au Kongo. Cha sekondari hulinganishwa na KNEC, cha shahada na CUE. Anza mapema, kwani vyuo havitakusubiri.

Mhadhiri hazingatii mahitaji yako ya ulemavu, kwa mfano maandishi makubwa au muda wa ziada katika mtihani. Usimalizane naye kwa mdomo. Andikia mkuu wa idara na ofisi ya wanafunzi, ambatisha usajili wa NCPWD, na uombe jambo mahususi.

Kituo cha mafunzo kinakutuma chai na faili tu. Andika katika daftari la kumbukumbu kazi uliyofanya kila siku jinsi ilivyo, kisha umwonyeshe msimamizi wa chuo anapokuja mara ya kwanza, kabla ya nusu ya kipindi kupita. Ukisubiri hadi mwisho, hatakuwa na la kurekebisha.

Karo imekwama katikati ya mwaka. Usitoweke. Omba kuahirisha masomo kwa barua rasmi, ili muhula uliokosa usihesabiwe kama kufeli na nafasi yako ibaki. Barua hiyo huwa na tarehe ya mwisho, ambayo mara nyingi ni majuma ya mwanzo ya muhula, kwa hiyo iulize siku ile ile unayosajiliwa.